Nilivyoagiza leso za kampeni ya afya ya akili, zikaja na maneno ya kinyume (Mombasa)

Wakuu, salamu zenu popote mlipo, wa bara na wa pwani.

Mimi humu ni msomaji tu, miaka na miaka. Mchango wangu mkubwa mpaka leo ni kubonyeza like na kucheka peke yangu dukani. Leo nimeona na mimi niandike.

Yaliyomo humu yalinifika mimi na watu wa nyumbani kwetu. Nimebadilisha majina, basi. Yaliyobaki nimeyaacha yalivyo, hata yale yanayoniaibisha, nayo ni mengi.

Uzi ni mrefu kidogo. Mwenye chai yake aimimine kabisa.

Naitwa Hassan, miaka thelathini na nane, mwenyeji wa Mji wa Kale, Kibokoni. Nimeajiriwa katika duka la leso Biashara Street.

Kwa wasiojua, leso ndiyo hiyo wengine mwaiita kanga. Kila leso huandikwa maneno upande wa chini, sisi twayaita jina. Mwanamke wa Mombasa hanunui rangi, ananunua jina. Ana neno na jirani, atatafuta jina la kumfikia jirani. Ana neno na wifi, vivyo hivyo.

Na mimi ndiye naulizwa. "Hassan, kuna jina gani la mtu aliyekuja harusini hakualikwa?" Nami nampa. Miaka kumi na nne nawapangia watu maneno ya kugombana nayo bila kufungua mdomo. Nilijiona bingwa.

Sasa niwaambie habari za dadangu.

Zuhura ni mkubwa wangu kwa miaka mitano. Alikuwa mwalimu wa chekechea, mcheshi, kila mtu akimpenda. Miaka minane iliyopita alianza kukosa usingizi, akawa anazungumza mbio mbio, na moyo wake umejaa furaha isiyo na sababu. Tukadhani ni furaha tu.

Mara akaalika mtaa mzima harusi yake.

Wakuu, watu walikuja. Wamevaa, wamejitia manukato, wamebeba zawadi. Wapishi wamekuja na masufuria. Kilichokosekana ni bwana harusi, kwa sababu hakuwako. Alikuwa kichwani mwa Zuhura tu.

Mamangu, Mungu ampe umri, alitoka mlangoni akawatazama watu wote wale. Ana sekunde chache za kufikiri. Akasema, "Jamani mtatusamehe. Upande wa bwana umebadilisha. Harusi yafanyika Muscat."

Basi wakuu, uongo ule ndio uliomwoza dadangu.

Zuhura tulimpeleka hospitali. Daktari akatueleza kuwa ni ugonjwa wa hisia kupanda zikapita kiasi, halafu zikashuka zikapita kiasi, na kwamba una dawa, na mwenye kushika dawa zake huishi kama watu. Alitibiwa, akatulia. Lakini mtaani alikuwa tayari yuko Muscat, na mume.

Majirani wakauliza jina la mume. Mama akasema Seif. Wakauliza kazi yake. Mama akamtia katika kampuni ya mafuta. Mwaka wa pili Mama akampandisha cheo. Mimi nikamwambia, "Mama, punguza, huyu Seif ameshanipita mimi."

Mara mbili kwa mwaka Zuhura "alikuja likizo". Alikaa sebuleni amepakwa hina, akipokea wageni. Na wageni wana maagizo yao. Huyu ataka udi wa Muscat, yule ataka halua ya Muscat. Kazi ya kutafuta udi hapa hapa mjini na kuubandua karatasi ya duka ilikuwa yangu.

Siku nyingine zote dadangu alikaa ndani. Akitoka, alitoka mlango wa nyuma, amevaa nikabu. Alhamisi alasiri alikwenda darasa la kina mama. Ndivyo tulivyojua sisi.

Nilikuwa nikiona tunamsitiri. Nawaambia kweli ya Mungu, hata siku moja sikumuuliza yeye mwenyewe ataka nini.

Sasa mwaka jana akaja dukani mama mmoja mtu mzima, Bi Rukia. Muuguzi mstaafu, miwani kamba shingoni, sauti ya wodi.

"Wewe ndiye Hassan wa majina?"

"Ndiye, Bi. Karibu."

"Nataka leso jozi mia moja, na jina lake mwenyewe. Mimi nina kikundi. Twatetea haki za wagonjwa wa akili."

Nikahisi masikio yamepata moto. Nikatazama nyuma kama kuna mtu asikia.

Bi Rukia akanieleza. Kikundi chao kimeungana na vikundi vingine vya nchi nyingi, Afrika na ng'ambo, na wote wasukuma jambo moja, kwamba mgonjwa wa akili ahesabiwe mgonjwa kama wa sukari au wa presha. Apate dawa karibu na kwao, asifungiwe, asitukanwe. Na hapa kisiwani wana jambo lao mahususi. Kuna zahanati moja, sitaitaja, ambayo kliniki ya akili ni Jumanne peke yake, na dawa zaja siku zikipenda zenyewe.

"Na karani wao," akasema, "akiita wagonjwa hupiga kelele, 'Wa kichwa upande huu!' Wa kichwa! Mtu amekuja amejifunika uso, nani atakuwa hajamjua baada ya hapo?"

Wakuu wa zahanati pamoja na mabosi wao wa juu walikuwa wamekubali kikao cha kusikiza maoni ya wananchi. Kikundi kilitaka kuingia ukumbini na sare. "Njoo Alhamisi utuletee majina tuchague," Bi Rukia akaniambia. "Twakutana ghorofani, nyumba ya rangi ya kijani, nyuma ya duka la vyombo."

Nikaenda. Niseme ukweli nilikwenda kwa biashara. Nimeandika majina sita kwenye karatasi, najiona mshairi.

Nikapanda ngazi, nikavua viatu, nikaingia. Watu kama kumi na watano. Bi Rukia mbele. Kando yake mwanamume mmoja wa makamo, mtulivu, shati limepigwa pasi. Na upande wa pili katibu, mwanamke, kalamu mkononi, daftari mbele yake.

Katibu akainua uso.

Zuhura.

Nilisimama pale kama mtu aliyesahau alichofuata. Dadangu akanitazama, wala hakushtuka.

"Karibu kaka," akasema. "Niwie radhi sikukupigia simu. Ndo kwanza nashuka kutoka Muscat."

Chumba kizima kilicheka. Kumbe wote wajua! Kumbe watu kumi na watano wamjua Seif kwa jina, na cheo chake, na kila Alhamisi dadangu huwapa habari zake mpya. Yule bwana wa shati la pasi akaniuliza, "Shemeji hajambo? Tulisikia amehamishwa Dubai."

Bwana huyo aitwa Patrick. Ni mtu wa bara, ameshika kazi bandarini miaka mingi. Aliwahi kushikwa na unyogovu, ile huzuni isiyotoka hata ukiisukuma, akakaa miezi hasemi na mtu. Jirani mmoja ndiye aliyemkokota kwa Bi Rukia.

Majina yangu sita yalisomwa. Yote yakakataliwa. Patrick alisema la tatu linafanana na tangazo la sabuni.

Zuhura akaandika kwenye daftari lake, akaligeuza tuone.

SINA WAZIMU, NINA UGONJWA.

Bi Rukia akavua miwani akaipangusa. Hakuna aliyepinga. Miaka kumi na nne kazini, na jina bora nililowahi kuliona limeandikwa na dadangu, niliyemficha mimi.

Tukarudi nyumbani pamoja, yeye mbele kidogo na nikabu yake. Nikamuuliza, "Mbona hukuniambia?"

"Ungelimwambia Mama."

"Nisingelimwambia."

"Hassan."

"Haya, ningelimwambia."

Njiani ndipo aliponikumbusha jambo la mwaka uliotangulia. Siku hiyo nilipigiwa simu nikamchukue yeye bustani ya Mama Ngina, alasiri, watu wamejaa ufukweni. Nikamkuta amesimama juu ya benchi, nikabu usoni, agawa vyeo. Muuza mihogo amefanywa waziri wa kilimo. Muuza madafu, waziri wa maji. Mimi nilipofika nikateuliwa katibu wa waziri wa maji. Watu wacheka, wengine wapiga picha. Nilimvuta mkono mpaka nyumbani nikimgombeza njia nzima.

"Wiki zile," akaniambia, "nilikwenda zahanati mara tatu. Mara tatu wameniambia dawa hakuna, rudi mwezi ujao. Wewe uliniuliza kwa nini nimewaaibisha. Hukuniuliza kama nina dawa."

Nikamfuata hivyo hivyo mpaka mlango wa nyuma, wakuu.

Basi nikasema angalau hizi leso nitazishughulikia vizuri. Nikazisimamia mwenyewe. Na hapo ndipo nilipoharibu kila kitu.

Maneno nilimtumia fundi wa michoro kwa WhatsApp, sawasawa kabisa. Akanirudishia sampuli. Nikaona SINA imeandikwa kwa herufi ndogo, NINA kwa herufi kubwa, haipendezi. Wakati huo nina mteja, mama mmoja, yuko baina ya leso mbili tangu adhuhuri na alasiri yaadhini. Nikamtumia fundi sauti, mbio mbio:

"Fundi, hiyo Sina na Nina, zibadilishe zikae sawa."

Fundi akabadilisha. Akaniletea sampuli ya pili. Nikaona herufi ziko saizi moja, nzuri, zimenyooka. Nikamtumia kidole gumba. Mteja wangu, kwa taarifa yenu, hakununua hata moja.

Mzigo ulikuja siku moja kabla ya kikao. Nikafungua boksi dukani, rangi safi, zambarau na manjano. Moyo wangu mweupe. Akaingia mteja wetu wa siku nyingi, mwanamke mwenye ulimi, akachukua moja akaifungua.

Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika kaunta.

"Hassan! Hili jina umelitoa wapi? *Nina wazimu, sina ugonjwa!* Nipe jozi mbili, nina mke mwenzangu mmoja hili lamtosha mpaka mwisho wa mwaka!"

Nikamwambia, "Dada, umesoma kinyume."

"Soma wewe."

Nikasoma. Nikasoma tena. Nikafungua nyingine, labda ni moja tu iliyokosea. Zote mia moja. Nikakaa juu ya boksi.

Bosi wangu alikuja akasoma, akafikiri, akasema kwa utulivu wa mfanyabiashara, "Kiwanda kimeongeza jozi ishirini za ziada. Hizo zetu, weka mbele ya duka." Zilikwisha kabla ya adhuhuri. Jioni nilikutana na nne zatembea Marikiti. Mwanamke mmoja alikuwa amemgeuzia mumewe mgongo makusudi asome.

Zile mia moja nikazipeleka ghorofani kwa mkokoteni. Nilipanda ngazi zile kama mtu apelekwa kwa kadhi.

Bi Rukia alisoma. Uso wake sitausahau. "Mwanangu," akasema polepole, "mimi nimewaandikia watu hawa barua tisa. Tisa. Kesho ndiyo mara ya kwanza wakubali kukaa na sisi. Na wewe wataka niingie mle na watu mia moja walioandikwa wana wazimu?"

Nikaanza kusema habari za fundi. Akanyanyua kidole, nikanyamaza.

Patrick alikuwa amekaa na leso magotini, mabega yatikisika. Nikadhani analia. Kumbe kacheka mpaka machozi.

"Samahani," akasema, "lakini hii si ndiyo nilikuwa nikimwambia daktari kila siku? Niko sawa, sina ugonjwa, niacheni. Mimi nilikuwa nasema hivi hivi!"

Mmoja nyuma akasema, "Hata mimi." Mwengine, "Mimi nilimtupia mamangu chupa ya dawa, nikamwambia kunywa wewe."

Bi Rukia hakucheka. Alitaka leso zigeuzwe, tuvae upande wa ndani. Zuhura akajifunga moja kiunoni, akaangalia yale maneno, akasema, "Bi Rukia, kesho niache niseme mimi."

"Utasema nini?"

"Sijui bado. Lakini niache."

Siku ya pili tukaingia ukumbi wa shule moja jirani na zahanati. Zambarau na manjano, safu kwa safu, maneno yanaonekana kutoka mlangoni. Nilijipatia nafasi nyuma ya nguzo.

Nikatupa macho mbele, nikamwona Mama.

Wakuu, Mama! Safu ya mbele, na jirani yetu Bi Mwanaisha kando yake. Bi Mwanaisha alikuwa amesikia kuna leso zatolewa, hakuuliza za nini. Wote wawili wameshavaa. Mama amejifunga NINA WAZIMU, SINA UGONJWA na hajasoma, miwani ameiacha nyumbani.

Mwenyekiti wa kikao alikuwa bwana mmoja wa suti. Alikaribisha watu, akatoa shukrani nyingi, halafu akainama mbele akasoma leso kwa sauti. Akatabasamu.

"Kabla hatujaanza, ningependa kufahamu. Tumekuja kuzungumzia wagonjwa. Leso zenu zasema hamna ugonjwa. Sasa dawa mwataka za nini?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Hata mpiga picha wao alicheka. Bi Rukia alifumba macho. Mimi nikaomba ile nguzo inenepe.

Zuhura akasimama. Akashika ncha ya nikabu yake, akaifunua, akairudisha nyuma ya kichwa. Nikamwona Mama anyoosha shingo, akodoa macho, kama mtu aona kitu mbali asiamini.

"Mheshimiwa," Zuhura akasema, "maneno hayo ni makosa ya kakangu. Yule pale, nyuma ya nguzo."

Watu wote wakageuka. Nikapunga mkono. Sijui kwa nini nilipunga mkono.

"Lakini makosa yake yamesema kweli kuliko barua zetu tisa. Mimi nikinywa dawa zangu, najua nina ugonjwa. Nikizikosa wiki tatu, najiona sina. Najiona mzima kuliko nyote. Mwaka jana nilisimama Mama Ngina nikamfanya muuza mihogo waziri."

Watu wakacheka. Aliwaacha wacheke.

"Chekeni, hata mimi huona yachekesha. Yeye mwenyewe alikubali uteuzi. Lakini mwezi ule nilikuja hapo zahanati mara tatu. Mara tatu nimeambiwa dawa hakuna, rudi mwezi ujao. Mheshimiwa, mgonjwa wa sukari ukimwambia arudi mwezi ujao, atarudi, kwa sababu ajiona mgonjwa. Mimi sitarudi. Mwezi ujao nitakuwa nimevaa hii leso na naiamini."

Yule mpiga picha wao akashusha kamera.

Akaendelea. Akasema wataka mambo matatu tu. Dawa zisikatike. Siku iongezwe. Na waitwe kwa nambari kama wagonjwa wengine, wasiitwe wa kichwa. "Mimi nina jina," akasema. "Nilikuwa mwalimu. Nilifundisha watoto wa mtaa huu kuandika majina yao, na baadhi yao wameajiriwa hapo hapo mnaponiita wa kichwa."

Akakaa.

Mwenyekiti alikuwa ameshika kalamu lakini haandiki. Mwishowe akasema, "Hayo ya mwezi ujao, hakuna aliyewahi kunieleza hivyo." Halafu akaandika, kurasa mbili.

Sasa mwadhani hadithi imekwisha. Bado.

Nje ya ukumbi, Bi Mwanaisha alimshika Mama mkono. Alikuwa amechanganyikiwa, maskini. Zuhura, ambaye yeye amjua yuko Muscat, amemwona ukumbini akizungumza habari za dawa.

"Kwani Zuhura amerudi lini? Na Seif yuko wapi?"

Mama akasema, "Seif hayuko."

"Hayuko?"

"Hayuko, Mwanaisha. Hayuko kabisa."

Bi Mwanaisha akashika kifua. "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun!"

Mama hakuwahi kumaliza sentensi. Mpaka tunafika nyumbani, Kibokoni nzima yajua Seif wa Muscat amefariki.

Wakuu, walikuja. Alasiri ile ile, wanawake wa mtaa mzima, viatu vimejaa mlangoni. Wengine wamebeba chakula. Wamkumbatia Zuhura wanalia. Mmoja amwambia, "Ndiyo maana leo umesema kwa uchungu vile." Mwengine atoa ushauri kuhusu eda, akae miezi minne na siku kumi, asitoke. Dadangu ambaye ndo kwanza ametoka ndani baada ya miaka saba, sasa aambiwa arudi ndani kwa ajili ya mume asiyezaliwa.

Zuhura alinitazama juu ya bega la mwanamke aliyemkumbatia. Najua alikuwa yuazuia kicheko. Nilitoka nikaenda kujishughulisha na vikombe jikoni, maana ningeliharibu matanga.

Nikiwa huko nikasikia sauti ya Mama.

"Nyamazeni. Nisikizeni."

Nikachungulia. Mama amesimama katikati ya sebule, na ile leso bado kiunoni.

"Hakuna aliyekufa. Hakuna Seif. Seif nimemzua mimi. Hakuna Muscat. Mwanangu alikuwa mgonjwa, nami nikaona haya. Miaka saba yumo humu ndani, mwaja mwanywa chai yangu na yeye yuko chumba cha pili. Ule udi ni wa hapa hapa."

Mwanamke mmoja akanusa mtandio wake.

Nikasema sasa ndipo tutakaposemwa. Sasa ndipo watakapoinuka mmoja mmoja. Mama mwenyewe alikuwa amesimama hivyo, kama angoja kupigwa.

Halafu kutoka mlangoni, mama mmoja aliyeketi juu ya kizingiti kwa kukosa nafasi akasema, hata hakuinua kichwa, "Swaleh wangu hayuko Saudia."

Wote tukamgeukia. Mama Swaleh. Mwanawe alikwenda Saudia kufanya kazi, sote twajua. Mimi mwenyewe niliwahi kumchagulia kanzu ya kumpelekea.

"Yuko juu. Chumba cha mwisho. Mwaka wa tatu huu. Hatoki, hasemi, anageukia ukuta. Mimi sijui ni ugonjwa au ni nini. Nilikuwa na haya ya kuuliza."

Zuhura akainuka, akapita baina ya watu, akakaa naye pale kizingitini. Sikusikia aliyomwambia. Niliona tu amemshika mkono, na Bi Rukia, aliyekuwa amefika kuona matanga ya Seif kwa macho yake, avua viatu upesi upesi kwenda kuungana nao.

Chakula cha matanga kililiwa. Kilikuwa kingi na kilikuwa kitamu, ingekuwa dhambi kukirudisha.

Jumanne iliyofuata Swaleh alishuka ngazi zao mchana kweupe, mamake upande mmoja, Patrick upande mwengine. Ile kanzu niliyomchagulia ndiyo aliyovaa. Mtaa mzima ulipata shughuli ghafla, kila mtu amegeuka aangalia dirisha lake, kwa heshima. Mimi nilikuwa mlangoni. Aliposimama kupumua akaniuliza kwa sauti ndogo, timu yake imefanya nini miaka hii mitatu.

Nikaona huruma. Nikamwambia, "Ngoja kwanza uanze dawa."

Akatabasamu. Kidogo, lakini nililiona.

Habari za zahanati nisizipambe. Dawa zilikuja baada ya wiki kadhaa, zikawa zapatikana. Mwezi mmoja zilikatika tena, Bi Rukia akaandika barua ya kumi na mambo yakaenda haraka zaidi. Kliniki sasa ni Jumanne na Ijumaa asubuhi. Karani amepewa nambari za kuita, ingawa yasemekana kwanza aliuliza, "Sasa nitajuaje nani ni nani?" Akajibiwa kuwa ndiyo maana yenyewe.

Zuhura amepata darasa la watoto wachache, asubuhi. Mwaka huu hajakosa dawa. Akikosa usingizi siku mbili hutuambia mwenyewe, nasi twamsikiza, hatumkagui kama polisi. Hilo nalo tulijifunza kwa kugombezwa.

Funzo langu, wakuu. Nilidhani kutetea haki za afya ni mambo ya mabango na watu wa semina. Kumbe kwangu mimi ilikuwa ni swali dogo, una dawa au huna, na nililimeza mwaka mzima kwa sababu nilikuwa nimeshughulika na macho ya watu. Kama una mtu nyumbani, muulize. Muulize yeye, si jirani yake. Na kama zahanati yenu yawaambia rudini mwezi ujao, msirudi wenyewe, rudini wengi.

Na kabla ya kutuma kidole gumba, someni sampuli.

Uzi huu nimempa Zuhura ausome kabla sijaupandisha, maana ni maisha yake. Amefuta aya mbili na amenisahihisha tahajia mahali kumi na moja. Amekubali yote yaliyobaki kwa sharti moja, niandike kuwa katika familia yetu yeye ndiye mzuri wa sura.

Nimeandika.

Haya, uwanja ni wenu. Aliye na mtu ambaye yuko "safari" aseme kwa namna anayoweza, hapa hakuna wa kumcheka. Na wenye maswali kuhusu kliniki au kikundi waulize. Majibu atayaandika katibu, mimi nimekatazwa kugusa maneno.